Maswali na majibu: Ukucha ulioingia kwenye nyama

Barua za mara hii karibu zote zinahusu kidole kimoja, gumba la mguuni. Tunaanza na ile ambayo jibu lake litawafaa na wengine.

Kila wiki nachimbua kona ya ukucha kwa wembe. Napata nafuu siku tatu, kisha maumivu yanarudi kuliko mwanzo. Nikate kwa kina zaidi? (Mfanyabiashara, Busia)

La, ndugu. Huo wembe ndio unaokurudisha pale pale. Ukishaondoa kona, nyama ya pembeni haina tena kitu cha kuizuia, kwa hiyo inajaa mahali palipokuwa na ukucha. Ukucha unapokua kuja mbele unakuta njia imezibwa, basi unachoma. Tena wembe haufiki mwisho wa kona. Unakata juu juu na kubakiza kipande ndani kabisa ya mfereji wa pembeni mwa ukucha, mahali ambapo jicho halioni. Kikitolewa na mganga wa hospitali, mtu hashindwi kushangaa: kitu cha milimita mbili tatu tu, chenye ncha kama mwiba mdogo wa samaki aina ya ngege.

Acha kona ikue. Ukucha wa gumba la mguu huenda polepole, kama milimita moja na nusu kwa mwezi. Kona uliyoila milimita tatu itahitaji miezi miwili hivi kurudi mbele, na katika miezi hiyo mkono utakuwasha kushika wembe. Usiushike.

Kukata kwenyewe ni hivi. Subiri utoke kuoga, kucha zikiwa laini. Tumia kikata kucha chenye makali yaliyonyooka, maana kile kidogo cha mkono kina makali ya mviringo na kitakula kona hata kama hukukusudia. Kata moja kwa moja kutoka upande hadi upande, kwa vipande vidogo vidogo, kwa sababu ukibana ukucha wote mara moja unapasuka kwa urefu. Bakiza ukingo mweupe wa milimita moja au mbili. Ukimaliza, kona zote mbili zionekane zimelala juu ya nyama. Kama unalazimika kuitafuta kona kwa kidole, umekata mno. Ncha kali isugue kwa tupa, usiichonge. Mara moja kwa wiki nne hadi sita inatosha.

Kuna wanaokushauri ukate alama ya V katikati ya ukucha ili pande zijivute ndani. Haifanyi kazi. Ukucha huota kutoka kwenye mzizi chini ya ngozi, na mzizi hauna habari na kilichokatwa huko mbele.

Nasimama getini na buti kwa muda wa saa kumi na mbili. Kidole kimevimba kidogo, chekundu, kinauma nikikigusa, ila hakina usaha. Naweza kujitibu? (Askari, Malaba)

Unaweza, Afande, ilimradi huna kisukari na miguu yako ina hisia za kawaida.

Chukua maji ya uvuguvugu lita mbili, tia vijiko vinne vya chai vya chumvi, loweka mguu dakika 15. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Chumvi haiyeyushi ukucha kama wengine wanavyodhani. Kazi kubwa ni ya maji, yanalainisha ngozi na kuosha uchafu. Jiki usitie, itakuunguza. Kila baada ya kuloweka, tumia pamba kuisukuma nyama ya pembeni mbali na ukucha, taratibu, kisha kausha mpaka katikati ya vidole.

Ngozi ikiwa bado laini, sokota nyuzi za pamba safi ziwe nyembamba kuliko utambi wa tadooba (taa ndogo ya mafuta ya taa), urefu wa sentimita moja. Inua kona ya ukucha kidogo, telezesha pamba chini yake. Siku ya kwanza huenda isiingie zaidi ya milimita moja, usiilazimishe. Badilisha kila siku, kwa sababu pamba iliyokaa siku tatu ndani ya soksi yenye jasho ni makazi ya vijidudu. Pamba ikikushinda, tumia plasta ya kitambaa yenye upana wa sentimita mbili: bandika mwanzo wake kwenye nyama, karibu kabisa na ukucha bila kuupanda, vuta nyama kwenda chini, upeleke mkia wa plasta mshazari chini ya kidole. Usikizungushe kidole kizima ukakinyonga.

Maumivu yakizidi, parasetamoli mbili za miligramu 500 kila baada ya saa sita, zisizidi nane kwa siku. Ukifika nyumbani vua buti, vaa lugabire, zile ndala za matairi. Soksi ziwe za pamba, ubadilishe katikati ya zamu. Kosa la wengi ni kuacha pamba siku maumivu yanapoisha, ilhali kona bado imezama. Endelea nayo mpaka kona ipite nyama. Siku tano zikipita bila nafuu, au usaha ukitokea, nenda kituo cha afya.

Nitajuaje kama mwanangu ana funza au ni ukucha? Vyote vinakaa pembeni mwa kidole. (Mama, Kamuli)

Swali zuri, Mama, kwa maana tiba zake hazifanani. Osha mguu kwa sabuni, mkalishe mtoto juani, utazame kwa karibu. Funza ana kitone cheusi katikati ya uvimbe mweupe wa mviringo, na mwanzoni huwasha kuliko kuuma. Mara nyingi hawi mmoja: tafuta visiginoni na chini ya vidole vingine. Ukucha ulioingia hauna kitone. Uwekundu unafuata ukingo wa ukucha, na maumivu yapo pale kona inapozama.

Vyote viwili vinaweza kuwa kwenye kidole kimoja. Funza waliotolewa mara kwa mara ukingoni huharibu ukucha, ukaota umepinda, kisha ukachoma. Kinachotutia wasiwasi zaidi ni ile pini moja inayozunguka nyumba nzima: inaweza kupeleka homa ya ini na virusi vya UKIMWI kutoka mguu hadi mguu, na ikiwa chafu kuingiza pepopunda. Kwa funza, ulizia kituoni mafuta ya dimethikoni. Yanapakwa tu, funza wanafia humo humo bila kuchokolewa. Na uulize chanjo ya pepopunda ya mtoto imefikia wapi.

Nimemeza antibayotiki mara mbili. Usaha unakauka, unarudi. Sasa pembeni pameota nyama nyekundu inayotoka damu nikigusa tu. (Dereva wa boda, Kampala)

Hapo kaka, dawa imefanya kazi yake, ila mwiba bado uko ndani. Antibayotiki huua vijidudu. Haing'oi kipande cha ukucha. Hiyo nyama nyekundu ni jibu la mwili kwa kitu kinachouchoma, na ukiikata peke yake itaota tena.

Unahitaji upasuaji mdogo. Kituo cha afya cha ngazi ya nne kina chumba cha upasuaji, na hospitali ya wilaya pia. Utadungwa sindano za ganzi kwenye shina la kidole, kila upande, na hilo ndilo litakaloliza, yanayofuata hutayasikia. Baada ya dakika kumi hivi, mganga anafunga shina kuzuia damu, anapasua kipande chembamba cha ukucha upande unaouma kuanzia mbele hadi mzizini, anakitoa. Kisha anaweza kuchoma sehemu hiyo ya mzizi kwa dawa ya fenoli, ili kipande kile kisiote tena.

Kabla hujapanda kitandani uliza mambo mawili: mnatoa ukucha wote au upande mmoja? Mnachoma mzizi? Kung'oa ukucha mzima bila kugusa mzizi ni mateso ya bure kwa wengi. Unachukua mwaka hadi mwaka na nusu kuota upya, na mara nyingi unarudi na kona ile ile.

Siku hiyo usiendeshe pikipiki, mguu wa kushoto ndio wa gia na kidole chenye ganzi hakijui kimekanyaga nini. Inua mguu usiku. Bandeji ifunguliwe baada ya siku moja au mbili, halafu osha kila siku kwa maji ya chumvi na kufunga upya. Palipochomwa fenoli hutoa majimaji wiki mbili hadi nne, na hayo si usaha. Ishara mbaya ni wekundu unaopanda mguuni, homa, au maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu.

Nina sukari. Kijana wangu anataka kunitoa ukucha kwa kisu. (Mzee, Arua)

Shikamoo Mzee. Asikuguse. Wala usiloweke mguu kwenye maji ya moto, kwa sababu sukari hupunguza hisia na unaweza kuungua bila kujua. Nenda kituoni leo, hata kama kidole hakiumi.

Wale vijana wa kupaka kucha rangi wanaotembea na beseni, ni salama? (Dada, Kampala)

Rangi haina tatizo, dada. Tatizo ni kifaa kilichotoka mguuni mwa mteja aliyetangulia, na mazoea yao ya kuchimba pembeni ili pawe safi. Nenda na kikata kucha chako, mwambie kona asizishike.

Kiatu cha mivumba (mitumba) kinaweza kuleta shida hii? (Mwanafunzi, Jinja)

Kinaweza, kwani kimeshakaa kwa umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza. Simama juu ya karatasi, chora mguu wako, kata mchoro, nenda nao sokoni. Uingize ndani ya kiatu: ukijikunja pembeni, kirudishe. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya sentimita moja. Nunua jioni, miguu ikiwa imevimba ya kutwa.