Ukuta Wangu Ulipoota Kutu

Nyumba ya bibi pale Pangani ni ya mawe na chokaa, na ukuta wake wa kusini una rangi ya chungwa. Hakuna aliyeupaka. Nilipoachiwa niitunze niliamini ni kutu ya nondo, ingawa nyumba ile haina nondo hata moja. Nikashika brashi ya waya na klorini, nikasugua siku mbili mpaka viganja vikachubuka. Ukuta ukang'aa. Masika yalipokuja rangi ikarudi, tena imetanuka.

Kumbe ni mwani. Najua, ukitaja mwani pwani watu wanawaza kina mama wa Paje, Zanzibar, wanaoulima kwa kamba baharini, lakini wako jamaa zake waliohama maji zamani sana. Huu wa ukutani huitwa Trentepohlia. Kiukoo ni mwani wa kijani, ila umejaa karotini, ileile inayoipa karoti rangi, nayo huuficha ukijani wake na kuukinga na jua kali. Ukikauka haufi. Unalala tu, na ukipata unyevunyevu unaamka na kuendelea na shughuli zake.

Kosa langu la kwanza lilikuwa ile brashi. Nyuzi za mwani huu hukatika ovyo na kipande kinaweza kuota upya, halafu waya ulitoboatoboa chokaa na kuacha vishimo vya kushika maji. La pili ndilo lililonigharimu: fundi mmoja alinishauri nipige plasta ya saruji na rangi ya plastiki juu yake, nami nikakubali. Mawe ya matumbawe hunywa maji, na chokaa huyapa njia ya kutokea. Saruji iliyafungia ndani. Hata mwaka haukuisha, rangi ikatuna kama andazi, ikaanza kubanduka.

Kwa hiyo kabla hujanunua dawa yoyote, tafuta maji yanatoka wapi. Kwangu gata lilikuwa limetoboka likidondokea ukutani. Na kuna kusi, upepo wa kusini: tangu Aprili hadi Septemba jua letu hupita upande wa kaskazini, ukuta wa kusini ukakaa kivulini huku upepo ukiutwanga kwa mvua. Kusi siwezi kuihamisha. Gata nimebadilisha, matawi ya mwembe yaliyouegemea ukuta nimeyapunguza, saruji nimeibandua na kurudisha chokaa. Kisha nikafanya kitu kilichowachekesha mafundi: nikachora kwa penseli mpaka wa kila doa na kuandika tarehe. Masika yakipita doa halijavuka mstari, liache, halili ukuta. Likivuka, kuna maji mahali, panda ngazi ukayatafute.

Mpera wa uani una kesi yake. Madoa ya duara kwenye majani, yenye manyoyamanyoya ya rangi ya kutu, ni Cephaleuros, mwani wa ukoo mmoja na ule wa ukutani, ila huyu anaingia chini ya ngozi ya jani. Hupenda miti iliyobanana na iliyochoka. Pogoa hewa ipite, zoa majani yaliyoanguka, mwagilia shinani na si juu ya majani, kwa sababu maji yanayoruka ndiyo yanayomsambaza. Dawa yenye shaba inasaidia, lakini mimi mpaka sasa sijaihitaji.

Halafu ule utelezi wa kijani unaovimba uani baada ya mvua, kama jeli iliyomwagika, na jua likiwaka unasinyaa ukawa kama karatasi iliyoungua. Ni Nostoc. Watu huuita mwani, ingawa wanasayansi wanauweka kwenye bakteria. Una uwezo wa kunasa naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo nakwangua kwa koleo na kuutupa kwenye matuta ya mchicha. Ila kwenye ngazi usiuache hata siku moja. Mimi uliniangusha nikiwa na ndoo ya maji kichwani.