Ndege ya Miguu ya Brashi

Mwanangu,

Picha uliyonitumia nimeiona. Umeuliza hiyo Dyna-Soar, ndege ya kwenda angani ya Wamarekani, ilianzaje, ilibadilikaje, na mbona haikuruka hata siku moja. Kwenye simu nilikujibu juujuu, nilikuwa na kazi mkononi. Sasa nimekaa.

Wazo ni la Eugen Sänger, mhandisi wa Austria: ndege irushwe juu kwa roketi, kisha idunde juu ya hewa nzito kama kigae mnachorusha watoto majini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Walter Dornberger, aliyesimamia roketi za V-2 za Wajerumani, akalipigia debe Marekani, kwenye kampuni ya Bell. Ikazaliwa miradi mitatu: wa kupeleleza, wa mabomu na wa utafiti. Oktoba 1957, Sputnik, satelaiti ya kwanza, ya Wasovieti, ikiwa ndiyo kwanza imepaa, Jeshi la Anga likaitia yote chungu kimoja. Kwa maoni yangu mushkeli ulianzia hapo.

Boeing walipewa kazi mwaka 1959. Bawa la pembetatu, tumbo bapa, urefu mita 10 na ushei, rubani mmoja. Tangu hapo umbo halikubadilika sana. Kilichobadilika ni roketi ya kuibeba: Titan I, ikaja II, ikaja III. Awali ilikuwa iruke masafa mafupi kwanza. Mwishoni mwa 1961 wakaamua iende moja kwa moja kuzunguka dunia.

Ila mimi mchomeleaji, jicho langu liko kwenye chuma. Hawakuivika vigae vya kukinga joto la kurudi hewani kwa kasi, kama walivyofanya baadaye kwenye Shuttle, chombo chao kingine cha angani. Waliacha chuma chenyewe kiive chekundu na kurudisha joto nje. Fremu ni ya René 41, aloi ya nikeli, na baadhi ya maungio wakayatia pini badala ya kuyakaza, ili chuma kikitanuka kipate pa kwenda. Unakumbuka geti la jirani lililojikunja kwa jua? Ndiyo hayo.

Na ile miguu uliyoicheka: matairi ya mpira yasingestahimili joto lile, kwa hiyo nyuma wakaweka mateleo ya brashi za waya, ndugu wa hii ninayosugulia kutu, na mbele kitu mfano wa sahani. Wazo la fundi, si la mtu wa ofisini!

Sasa, mbona haikuruka? Robert McNamara, waziri wa ulinzi, aliuliza swali dogo: itafanya kazi gani hasa jeshini? Wapelelezi walitaka hili, watafiti lile, na jibu moja halikupatikana. Tarehe 10 Desemba 1963 akaufuta mradi, mamia ya mamilioni ya dola yakiwa yameshatumika. Siku hiyohiyo akatangaza mradi mwingine wa jeshi, maabara ya angani iitwayo MOL. Nao ukafutwa mwaka 1969, hajapanda mtu.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama kikohozi kimeisha.

Baba yako