Anaimba A hadi Z, kitabu anakimaliza, lakini kusoma bado

SWALI: Habari Mwalimu. Ninaishi Busia, upande wa Uganda, nauza vitenge sokoni. Mwanangu ana miaka mitano na miezi minane, yuko Top Class, mwaka wa mwisho wa nasari, na Februari anaingia P1, darasa la kwanza la msingi. Alfabeti anaiimba bila kukosea, na kitabu chake cha Kiingereza anakisoma mwanzo hadi mwisho. Juzi nilifunika picha kwa mkono, akaendelea kusoma vilevile, nikafurahi. Halafu nikafunua kurasa mbili kwa pamoja, na yeye akasoma maneno ya ule ukurasa niliouruka! Mwalimu wake anasema shida ni Kiswahili tunachoongea nyumbani, na Kisamia cha bibi yake, kwa hiyo tuanze kuongea Kiingereza tu. Tena kuna kijana anauza boksi la kadi 100 za maneno kwa shilingi 150,000, anasema ndani ya siku 30 mtoto anasoma. Alikuja na mtoto wa miaka minne, akazisoma kadi nyingi mbele yetu kama maji. Je, ninunue? Na Kiswahili tuache?

JIBU: Mama, kwanza hongera kwa kuruka ule ukurasa. Nimefundisha walimu wa nasari miaka mingi na ni wachache sana waliowahi kuwaza jaribio hilo. Kwa sekunde tano umejua jambo ambalo ripoti za mihula mitatu hazikukuambia.

Mwanao amekikariri kitabu. Hana ubongo mzito. Mtoto anayebeba kitabu kizima kichwani ana kumbukumbu ambayo wengine wangeitamani. Wenye makosa ni sisi wakubwa tunaompigia makofi kwa kukariri, kisha tunashangaa kwa nini hasomi.

Niliwahi kuingia darasa moja la Top, mjini, shule ya ada nzito. Mwalimu ana fimbo, anagonga chati ya alfabeti, watoto arobaini wanaimba kwa nguvu mpaka mabati yanatetemeka. Nikaomba fimbo. Nikagonga A, wakasema A. Nikagonga B, wakasema B. Nikaruka nikagonga K. Darasa zima: "C!" Nusu ya watoto hawakuwa wakiitazama chati hata kidogo, walikuwa wanatazama dirishani, kwenye sufuria la uji. Mwalimu alikasirika, akaniambia nimewachanganya watoto.

Hapo ndipo penye kosa linalonichosha kuliko yote, kwa hiyo nivumilie nikae hapo. Wimbo wa alfabeti hufundisha majina ya herufi. Kusoma hakutumii majina, hutumia sauti. Jaribu mwenyewe: sema haraka haraka "si, ei, ti." Umepata neno gani? Hakuna. Herufi W jina lake ni "dabliyu", na ndani ya jina hilo sauti ya w huisikii kabisa. H inaitwa "eichi". Mtoto anayejua majina tu anafanana na mtu anayejua majina ya wachezaji wote wa timu lakini mpira hajawahi kuugusa.

Sisi tuliojifunza kusoma kwa Kiswahili tulibahatika bila kujua. Ba, be, bi, bo, bu. Irabu tano, kila moja na sauti yake, Jumatatu mpaka Jumapili haibadiliki. Ukishika silabi umeshika lugha. Kiingereza hakina huruma hiyo. Herufi ni 26, sauti ni kama 44, na irabu zile zile tano zinagawana sauti karibu ishirini. Kwa masikio yetu maneno cat, cut na cart yote yana "a". Kwa Mwingereza ni maneno matatu yasiyohusiana.

Kuna jambo la pili ambalo walimu wengi wa nasari hawalioni kwa sababu na wao wamo ndani yake. Lugha zetu nyingi za Kibantu, Kiswahili, Kisamia, Luganda, hupenda silabi iishe kwa irabu. Ndiyo maana tulipolipokea neno bus tukaliongezea i, likawa basi. Shirt likawa shati, cupboard likawa kabati. Ni jambo zuri, lugha inakula chakula cha wageni kwa mkono wake. Lakini sasa mwalimu anasimama mbele ya watoto anafundisha sauti: "Ka! A! Ta!" Mtoto mwenye akili timamu anaunganisha na kupata "kaata". Anachapwa. Kumbe amejibu sawasawa alivyoulizwa. Sauti ya t ni ncha ya ulimi na pumzi kidogo tu, haina "a" nyuma yake. Ya s ni kama hewa inayotoka tairi. Ya m ni mdomo uliofungwa unaovuma. Ukitamka safi, mtoto anaunganisha mwenyewe. Ukibandika irabu kila mahali, utamlaumu bure.

Sasa hizo kadi. Kadi 100 ni picha 100. Mtoto wa miaka minne anaweza kukariri picha 100 kama anavyokariri nembo ya soda na ya kampuni ya simu, na hakuna mtu anayesema anasoma chupa ya soda. Neno look analitambua kwa sababu lina macho mawili katikati. Inapendeza mpaka siku atakapokutana na book, na cook, na took. Watoto ninaoletewa wakiwa P2 au P3 wakiwa "wamesahau kusoma" hawajasahau kitu. Vitabu vimepunguza picha, maneno yameongezeka, na ghala la kukariri limejaa. Wazazi wao huniambia kwa uchungu, "Lakini Mwalimu, nasari alikuwa wa kwanza!" Nitakubali kitu kimoja: yapo maneno machache ya Kiingereza, kama the, was na said, ambayo tahajia yake ni ya kichwa ngumu na mtoto huyazoea kwa kuyaona mara nyingi. Ni machache. Huyahitaji kwenye boksi la laki moja na nusu, yaandike kwenye kipande cha katoni.

Walimu wa foniksi, yaani kufundisha kusoma kwa sauti za herufi, wengi huanza na herufi sita: s, a, t, p, i, n. Si uchawi, ni hesabu tu. Kwa hizo sita mtoto anapata sat, sit, pin, tin, tap, nap, pan, ant na mengine mengi, kwa hiyo ndani ya wiki chache anasoma maneno halisi ambayo hajafundishwa moja moja. Fanya naye dakika kumi au kumi na tano kwa siku, basi. Vizibo vya soda vinatosha: andika herufi moja kwenye kila kizibo, vipange, vivute polepole huku mkitamka sauti, kisha haraka. Badilisha kizibo kimoja uone kama anasikia kilichobadilika. Na kabla hata ya vizibo, mchezeshe masikio ukiwa pale pale kwenye vitenge vyako: "Niletee kile kitu, k-a-p," na yeye akisie ni cap. Mtoto asiyeweza kusikia kwamba neno lina vipande hataviona kwenye karatasi. Mchezo huo ufanye kwa Kiswahili pia. Maneno gani yanaanza kama mama? Maji, moto, mkate. Sikio lililozoezwa kwa lugha moja husaidia nyingine.

Na hapo nimefika kwa yule mwalimu na katazo lake.

Mwaka 1986 watafiti wawili, Gough na Tunmer, waliueleza usomaji kama kuzidisha: uwezo wa kufungua maandishi mara uwezo wa kuielewa lugha. Ukiwa na sifuri upande mmoja, jibu ni sifuri, hata upande wa pili ukiwa mia. Foniksi inampa mwanao upande wa kwanza. Upande wa pili unatokana na maongezi, na maongezi marefu anayapata kwenu kwa Kiswahili na Kisamia. Mkibadilisha kuwa Kiingereza tu, nakuuliza kwa heshima, mtaongea nini? Nimezisikia nyumba nyingi zilizofuata ushauri huo. Kiingereza chote kinakuwa cha kuamrisha: come, sit, eat, stop, go and bathe. Hadithi zimekufa, maswali ya "kwa nini" yamekufa, na bibi ananyamaza kwenye kiti chake kama mgeni. Mtoto amepoteza lugha nene akapewa nyembamba. Wahenga walishasema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Bibi akisema "Kitendawili!" na mtoto akajibu "Tega!", pale kuna somo la ufahamu kuliko kurasa kumi za kazi za nyumbani: kusikiliza dokezo, kulipima, kukisia jambo ambalo halikutajwa. Mtoto anayejua kwa Kiswahili kwamba mlango una bawaba, komeo na ufunguo, akikutana na hinge anahitaji jina tu. Kitu chenyewe anakijua. Asiyekijua kwa lugha yoyote anahitaji vyote viwili. Kiingereza mpe, tena kingi, lakini kiwe na mahali pake: wimbo, kitabu kimoja kila jioni ambacho mnakizungumzia kwa Kiswahili. "Unadhani atafanya nini sasa?" Muulize hivyo, asiishie kukusomea tu. Kama vitabu ni ghali, mradi wa African Storybook una hadithi fupi za bure kwa Kiswahili, Luganda, Kiingereza na lugha nyingine nyingi, unaweza kuzifungua kwenye simu.

Tena serikali yenyewe haikubaliani na mwalimu huyo. Mtaala wa P1 hadi P3 ulioanza 2007 unataka watoto wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, Kiingereza kikiwa somo, na P4 ndiyo ya kuvukia kwenda Kiingereza. Shule za mjini zenye watoto wa lugha mchanganyiko hutumia Kiingereza, naelewa, darasa la Kampala lina lugha kumi. Lakini ruhusa ya kufundisha kwa Kiingereza haikuwa ruhusa ya kuingia nyumbani kwako kunyamazisha watu. Na Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu marekebisho ya Katiba ya 2005. Mwalimu anayemvisha mtoto kibao shingoni kwa kosa la kukiongea sijui anafuata sheria ya wapi.

Kitu kimoja cha kuangalia kwa mwanao kabla sijaendelea: kama anauliza "eeh?" kila mara, anapandisha sauti ya redio au sikio linatoa usaha, mpeleke kituo cha afya masikio yaangaliwe. Sauti za f, s na th ni nyembamba mno kwa sikio lililoziba. Kama hakuna hilo, usimruhusu mtu yeyote ambaye hajamfanyia uchunguzi ampachike mtoto wa miaka mitano jina la ugonjwa wa kusoma. Siku hizi wapo wanaouza jina la ugonjwa asubuhi na dawa yake jioni.

Maana biashara hii imekuwa kubwa. Mzazi anaogopa intavyuu ya P1, shule inaogopa mzazi atahama, na kati ya hofu hizo mbili amekaa mtu na boksi. Mmoja ana kadi. Mwingine ana programu ya simu yenye katuni, mtoto anatoka na lafudhi ya Marekani na hawezi kueleza alichokula mchana. Mwingine ana "kituo" cha likizo ambapo watoto wa miaka minne wanaandika mistari kurasa tatu kabla vidole havijapata nguvu ya kushika penseli vizuri. Halafu inakuja mahafali ya Top, mtoto kavaa joho na kofia, anasimama kwenye kipaza sauti anawakaribisha wageni waheshimiwa kwa Kiingereza kirefu, ukumbi unalia kwa furaha. Nimekaa kwenye mahafali hizo. Nikishuka na mtoto chini ya hema nikamwuliza honourable ni nini, anaangalia viatu vyake.

Simchukii anayeuza. Namchukia anayeahidi siku. Mtoto mmoja anashika kuunganisha sauti ndani ya wiki tatu, ndugu yake anachukua miezi sita, na wote wawili wako salama. Mtu akikutajia siku 30 bila kumwona mtoto, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kwa hiyo hela yako ibaki kwenye vitenge. Na kijana akirudi na yule bingwa wake wa miaka minne, usibishane naye. Omba karatasi, uandike tas, chini yake nis. Hayo si maneno, hayana maana yoyote kwa Kiingereza, hayamo kwenye boksi lake na hayawezi kukaririwa. Mtoto aliyefundishwa kusoma atayasoma huku akicheka. Mpe karatasi yule mtoto, kwa upole, kisha mtazame kijana usoni.