Umeambiwa una skleroderma: mashine ya presha kwanza, mafuta ya ngozi baadaye

Mgonjwa mpya akitoka kliniki, pesa ya kwanza huishia kwenye mafuta ya ngozi. Inaeleweka, maana ngozi ndiyo watu kwenye matatu huikodolea macho. Lakini huu ni ugonjwa wa mwili mzima. Kinga ya mwili inamgeukia mwenyewe, mishipa midogo ya damu inaumia, na kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi na viungo, inatengenezwa kupita kiasi. Hiyo kolajeni hukaza ngozi, na inaweza kukaza mapafu, moyo na njia ya chakula vilevile. Hatari kubwa iko huko ndani.

Muulize daktari aina yako: ile inayobaki kwenye vidole, mikono na uso, au ile inayopanda kupita viwiko hadi mapajani na kifuani? Ikiwa ni hii ya pili, figo zinaweza kushambuliwa ghafla, hasa katika miaka 5 ya mwanzo. Mara nyingi ishara ni presha kupanda, kwa hiyo ipime nyumbani angalau mara mbili au tatu kwa wiki, ukiwa umekaa umetulia dakika 5, na uandike kwenye daftari. Tuseme kawaida yako namba ya juu ni 110, leo inasoma 135. Mwenye duka la dawa atakuambia uko sawa kwa kuwa hujafika 140. Hauko sawa. Tulia, pima tena. Ikiwa bado imepanda 20 au zaidi juu ya kawaida yako, nenda hospitali siku hiyo hiyo na daftari lako, usiku au mchana, hata kama huna maumivu. Dawa za presha za kundi la captopril zikianzwa mapema huokoa figo; zikichelewa, unaweza kuishia kwenye dialisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine.

Kwa sababu hiyo hiyo, usijinunulie prednisolone, dawa ya steroidi, ya maumivu ya viungo. Kuanzia 15 mg kwa siku, inaongeza hatari ya figo. Kama tayari unaitumia, usiikatize ghafla. Mwone daktari akupunguzie polepole.

Sasa vidole. Baridi hubana mishipa yake, vikakosa damu, vikabadilika rangi na kufa ganzi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na asubuhi za Juni hadi Agosti hazina huruma. Kwenye ngozi nyeusi usitafute weupe mgongoni mwa kidole. Angalia kiganja na chini ya kucha. Funika kifua na kichwa kwanza, kwa sababu kiwiliwili kikipoa ndipo mwili hufunga mishipa ya vidole. Glavu zivae ukiwa bado ndani: vidole vikishapoa, hazina joto la kuhifadhi. Zile zinazokusanya vidole vinne pamoja zina joto zaidi; zitafute kwenye mitumba ya Gikomba. Usiote mikono juu ya jiko, kwani kidole kilichokufa ganzi huungua bila wewe kujua. Tumia beseni la maji ya vuguvugu, na uyapime kwa kiwiko. Acha sigara. Ukinunua dawa ya mafua, kataa yenye pseudoephedrine, maana inabana mishipa. Kidonda kwenye ncha ya kidole kikitoa usaha au kikigeuka cheusi, hicho si cha kusubiri miadi.

Kiungulia: omeprazole imeze nusu saa kabla ya kula, na usilale hadi saa 3 zipite baada ya chakula. Miguu ya kitanda upande wa kichwa iwekee matofali, ipande sentimita 15 hadi 20. Mito haisaidii, inakukunja tumbo tu.

Kikohozi kikavu na kuishiwa pumzi ukipanda ngazi mara nyingi hudhaniwa kuwa kifua kikuu. Kipimo cha TB fanya, lakini kikitoka safi omba CT (picha ya kina) ya kifua na kipimo cha nguvu za mapafu. Tena, usisubiri kukohoa: vipimo hivyo pamoja na ekografia ya moyo (picha ya mawimbi ya sauti) hufanywa mwanzoni, hata ukijisikia mzima.

Ukipewa methotrexate, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ni mara moja kwa wiki. Andika siku yenyewe kwenye pakiti. Kuimeza kila siku kunaweza kuua. Mycophenolate, nyingine ya kutuliza kinga, hudhuru mimba, kwa hiyo anza njia ya kuzuia mimba kabla ya kidonge cha kwanza.

Na muuguzi akikubana kile kibanio cha oksijeni kidoleni kikasoma asilimia 82 huku unazungumza vizuri, mwombe akijaribu kwenye ndewe ya sikio au atumie cha paji la uso. Damu haifiki vizuri kwenye vidole vyako, kwa hiyo namba ya hapo inaweza kudanganya.