"Kampuni yetu, mimi na mdogo wangu": Kiingereza kinaisemaje?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwongoza watalii, naishi Sakina, Arusha. Mwaka huu mimi na mdogo wangu tumefungua kampuni yetu ndogo, gari moja tu kwa sasa. Kwenye tovuti niliandika "My brother and I's company". Mgeni mmoja kutoka Uingereza akasema kwao watu husema "me and my brother's company". Mwingine, Mmarekani, akakataa, akasema ni "my brother's and my company". Mdogo wangu naye ameshikilia "the company of me and my brother", eti ndivyo ilivyo kwa Kiswahili. Nani yuko sahihi? Halafu, ni "a friend of me" au "a friend of mine"? Naomba unijibu mapema, fundi anasubiri maneno ya kuandika mlangoni mwa gari.

JIBU: Marahaba, na hongereni kwa gari. Fundi mwambie anywe chai kwanza.

Kwenye tovuti andika "our company". Ukitaka msomaji ajue ni yenu nani na nani, tanguliza sentensi moja: "My brother and I run a small safari company in Arusha. Our company..." kisha uendelee. Hapo hakuna wa kucheka, awe wa London au wa Chicago. Wageni wako wote wawili walikwambia kweli, ila mmoja alikupa Kiingereza cha mdomoni na mwingine cha kwenye karatasi. Aliyekosea ni mdogo wako, na amekosea mara mbili, kwa sababu hata hicho Kiswahili alichokitaja hakisemi hivyo.

Tuanzie hapo kwenye Kiswahili. Tunasema kampuni ya Juma, gari la Juma, kitabu cha Juma. Je, tunasema kampuni ya mimi? Mtoto wa miaka mitatu ndiye anayesema "ya mimi", na mama yake anamrekebisha: sema "yangu". Mtu akiwa jina, tunatumia -a. Akiwa mimi, wewe au yeye, ile -a inamezwa na neno lenyewe, tunapata yangu, yako, yake. Kiingereza nacho kina tabia hiyohiyo. Jina linapewa 's: "Juma's car". Kiwakilishi hakipewi kitu, kinabadilika chenyewe: "my, your, his, her, its, our, their". Kwa hiyo "the company of me" masikioni mwa Mwingereza ni kama "kampuni ya mimi" masikioni mwako.

Tatizo lenu limezaliwa kwenye jambo moja ambalo vitabu vingi vya shule hulipita mbiombio. Ile 's haishiki jina, inashika mwisho wa kundi zima la maneno. Umeona pikapu zinazoshuka na ndizi kutoka Marangu, turubali limefunika mikungu yote lakini kamba imefungwa nyuma kabisa? Basi 's ndiyo hiyo kamba. "The guide from Marangu's boots" ni viatu vya mwongozaji, Marangu haina viatu. "Neema and Juma's house" ni nyumba moja ya wote wawili, ingawa alama imemkalia Juma peke yake. Kila mtu akiwa na yake, kila mmoja anapewa kamba yake: "Neema's and Juma's houses".

Sasa mwondoe Juma, mweke "I" mwishoni. Kamba inafika kwake na haina pa kufungwa, maana umilikaji wa "I" tayari umo ndani ya "my". Hapo ndipo wenye lugha wenyewe wanapobabaika. Mdomo hauwezi kusubiri, unafunga kamba kwa nguvu na kusema "my brother and I's". Utaisikia kwa watu waliosoma sana, wanaisema bila kusita. Wakiiona imeandikwa, wanaona aibu. Kwa hiyo usijilaumu. Umekosea kama wanavyokosea wao, na hiyo ni hatua nzuri katika kujifunza lugha. Lakini kwenye tovuti ya biashara, iondoe leo.

"Me and my brother's company" ni lugha ya kijiweni. Mwingereza akiwa na bia mkononi haoni tatizo. Kwenye barua kwa mgeni ambaye hujawahi kumwona, itaonekana imevaa kandambili. Ina mkosi mwingine pia: msomaji anaweza kuielewa kuwa "mimi, pamoja na kampuni ya mdogo wangu", wewe ukajikuta huna hisa.

"My brother's and my company" ndiyo inayokubalika kwenye maandishi rasmi, Mmarekani wako yuko sawa. Kila mmiliki amepewa alama yake kwa njia yake, mdogo wako kapata 's na wewe umepata "my". Ila usiipunguze ikawa "my brother and my company", maana hiyo ni orodha ya vitu viwili, mdogo wako na kampuni yako. Mimi binafsi hata ile sahihi siipendi sana, inasomeka kama mtu anayetembea na kokoto kiatuni. Ikiwa lazima wamiliki wote watajwe, ipeleke mwisho wa sentensi: "The company is my brother's and mine." Hiyo ni safi, fupi, na haina ubishi.

Na angalia vizuri namna ulivyoniandikia swali lako: "mimi na mdogo wangu tumefungua kampuni yetu". Ulisema "yetu", hukuhangaika. Ungeweza pia kusema "kampuni yetu mimi na mdogo wangu", umiliki umeshafungwa ndani ya "yetu" na majina yanafuata kama maelezo tu. Dawa ya Kiingereza ni hiyohiyo: "our company", halafu watu watajwe mahali pengine. Ulikuwa na jibu mfukoni, ukaliacha ulipobadilisha lugha.

Jambo dogo la adabu. Kwa Kiswahili "mimi na mdogo wangu" haina kiburi. Kiingereza cha shule kinataka ujiweke mwisho: "my brother and I". Watoto wao hukaripiwa sana kwa kuanza na "me and", wengine wanakua wakiiogopa "me" hata inapostahili, ndipo unapomsikia mtu mzima na tai yake akisema "between you and I". Inayotakiwa hapo ni "between you and me". Kipimo chake ni rahisi: mwondoe mwenzako, usikie kinachobaki. "My brother took I to Ngorongoro" haiwezekani, basi "My brother took my wife and I" nayo haiwezekani.

Sasa rafiki yako. Ni "a friend of mine". Najua inashangaza, kwa sababu "of" tayari ina umiliki na "mine" ina umiliki, ni kama kufunga kufuli mbili. Lakini ndivyo lugha yao ilivyotulia, hata kwa majina: "a friend of Juma's". Maana yake ni ile yetu ya "rafiki yangu mmoja", mmoja kati ya nilionao. "My friend" inafaa pale msikilizaji anapomjua au ukitaja jina.

Kufuli hiyo ya pili ina kazi, na kwa mtu wa kazi yako inaonekana kwenye kamera. "A picture of you" ni picha inayokuonyesha wewe. "A picture of yours" ni picha uliyo nayo au uliyopiga, hata kama ndani yake kuna twiga mtupu. Mgeni akikuuliza "Can I have a picture of you?" tabasamu. Akisema "Can I have that picture of yours?" mtumie ile ya simba uliyomwonyesha asubuhi. Na ukisikia "that brother of yours", jihadhari na sauti. Ni kama yule "huyo mdogo wako" wa jirani aliyekuja kushtaki.

Hayo ndiyo uliyouliza. Kuna moja hukuuliza, nami nafundisha waongozaji hapa Moshi kila masika, wakati wageni wamepungua na vijana wana nafasi ya kukaa darasani, kwa hiyo nalijua bila kusoma barua zako. Ni "his" na "her".

Kiswahili hakijali mwenye kitu ni mwanamume au mwanamke. Kinachojali ni kitu chenyewe: kitabu chake, vitabu vyake, nyumba zake. Herufi za mwanzo zinatazama kinachomilikiwa, na "-ake" ni ya kila mtu, ya shangazi na ya mjomba. Kiingereza kimegeuza kabisa. Kitu hakitazamwi, "his book" na "his books" neno ni lilelile, lakini mwenyewe lazima ajulikane jinsia. Ndiyo maana ulimi wetu, ambao haujawahi kuulizwa swali hilo, unachukua "his" iliyo karibu na kuigawa kwa wote. Darasani tunacheka. Kazini hakuna kicheko. Fikiria uko Kambi ya Barafu, juu kwenye Kilimanjaro, na wageni wawili, mke na mume, unapiga redio: "My client has hurt his leg." Waliopo chini wanajiandaa kumpokea mume, na aliyeumia ni mke.

Zoezi ninalowapa ni hili: kabla ya kusema, mtazame mwenye kitu, usikitazame kitu. "The lady and her husband": mume ni wa bibi huyo, kwa hiyo "her", ingawa mume mwenyewe ni mwanamume. Hapo ndipo wengi huteleza, wanaona mume wanasema "his". Usipomjua mwenyewe, tumia "their", hata akiwa mmoja: "Somebody left their hat in the car." Kuna walimu wa zamani watakaokukatalia. Waache, Waingereza wamekuwa wakiisema hivyo kwa karne nyingi.

Na neno la umiliki usilidondoshe pale Kiswahili kinapolidondosha. Sisi tunasema nawa mikono, amevunjika mguu, vaa koti, kwa sababu mikono ya nani mwingine? Kiingereza kinataka mwenyewe atajwe: "wash your hands", "she broke her leg", "put on your jacket". Isipokuwa mtu akishatajwa kama aliyepigwa, hapo wanarudi kwenye "the": "The stone hit her on the head."

Kuhusu ile alama ya ritifaa, tunayoijua kutoka kwenye ng'ombe: viwakilishi vya umiliki haviitaki. "Yours, hers, ours, theirs, its", vyote bila alama. "It's" ni "it is" iliyokatwa. Jifunzie kwa mlima wetu: "It's 5,895 metres high, and its top is called Uhuru Peak." Ukichanganya, faraja ni kwamba "its" ni neno changa. Biblia yao ya 1611 inasema chumvi ikipoteza "his savour", chumvi ikiitwa "his", na neno jipya lilipoingia wengi wao waliliandika kwa alama kwa muda mrefu. Lakini leo ukiiandika hivyo ni kosa. "Whose" na "who's" zimeachana vivyo hivyo: ya kwanza ni "ya nani", ya pili ni "who is".

Wingi wenye s tayari unapata alama tu, nyuma: "my brothers' car" ni gari la ndugu wengi, "my brother's car" la mmoja. Mfano mzuri mnao hapohapo Arusha. Jina la Kiingereza la Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu lina "Peoples' Rights", alama ikiwa baada ya s, kwa sababu "peoples" hapo ni jamii nyingi, kila moja na haki zake. Wanaoandika "People's" wamezigeuza zote kuwa jamii moja.

Kwa hiyo tovuti yako irekebishe hivi: "My brother and I were born in Arusha. Our company has one car and two drivers, and you will meet us both." Kama idadi ya madereva nimeikosea, utaisahihisha. Mlangoni mwa gari usiandike sentensi yoyote, jina la kampuni na namba ya simu zinatosha. Na fundi akitaka kukupambia kwa "Safari's", mkatalie kabla hajachovya brashi. Wingi ni "Safaris", hauna alama, na tofauti na tovuti, rangi ya gari utaifuta kwa msasa.