Miche yetu inaanguka

SWALI: Wanafunzi wa darasa la tano walipanda mbegu za mti wa mjohoro kwenye viriba, yaani mifuko ya kuoteshea miche. Zinaota vizuri, kisha shina linanywea usawa wa udongo na mche unalala. Tunamwagilia asubuhi na jioni. Tunakosea wapi?
Mwalimu wa mazingira, Dodoma

JIBU: Mwalimu, huo ni ugonjwa wa kinyausi, unaletwa na ukungu, nao hupenda unyevu. Mwagilieni asubuhi tu, toboeni viriba chini, punguzeni kivuli. Miche iliyoanguka ng'oeni, wala msipande tena kwenye udongo uleule. Changanyeni mpya: ndoo tatu za udongo wa juu, moja ya mchanga, moja ya samadi iliyooza. Samadi ikiwa bado ya moto, haijaiva. Zamu ya kumwagilia iwe ya watoto wawili; wakiwa kumi, kila mmoja atamwaga kopo lake!