Bima ya vitabu vya mazingaombwe: anza na orodha, wakala baadaye

Mkuu, nimesoma swali lako. Mzee wako, Mungu amrehemu, amekuachia makabati mawili ya vitabu vya mazingaombwe hapo Tabora, wakala wa bima kakuambia ujaze tu "vitabu, milioni moja" kwenye fomu ya bima ya nyumba na vilivyomo, na roho yako haijatulia. Isitulie kweli. Mimi niko Kigoma, nacheza karata na sarafu kwenye mahafali na harusi, na vitabu vya fani hii nimekusanya muda mrefu. Bima ninayo, na imeshawahi kunilipa, ingawa si kama nilivyotaka.

Mthamini usimtafute kwanza. Wathamini waliosajiliwa wapo, na Bodi yao ipo kisheria, lakini kazi yao kubwa ni viwanja, majengo, mitambo na fidia za barabara. Niliyemwendea mimi alifungua kitabu kimoja kwa adabu zote, akaniuliza ni cha kidato cha ngapi. Soko la vitu hivi liko nje. Kuna nyumba ya mnada kule Chicago, Potter & Potter, imejijengea jina kwa vitu vya mazingaombwe, na bei zilizofikiwa kwenye minada yake unaweza kuziona mtandaoni ukiwa kitandani. Anzia hapo. Kuwa makini na kitu kimoja: angalia bei iliyolipwa, siyo bei iliyoandikwa. Kitabu kinaweza kukaa kwenye tovuti miaka kwa dola 400 bila mtu kukigusa. Hiyo ni ndoto ya muuzaji. Na kwenye mnada, mnunuzi hulipa asilimia ya nyumba ya mnada juu ya bei ya nyundo, yaani ile dalali aliyoigongea nyundo, kwa hiyo bei ya nyundo peke yake haikuambii kitabu kilimgharimu mtu kiasi gani.

Halafu utajiuliza uandike bei ipi. Wengi huandika bei ambayo wangeuza. Mimi naandika gharama ya kukirudisha kitabu kilekile, katika hali ileile, juu ya rafu yangu hapa Kigoma: bei ya kukinunua, kukituma kutoka Ulaya au Marekani, na kukisafirisha toka Dar. Huku ni mwisho wa reli, kila kitu kinafika na nauli mgongoni. Kuna vijitabu vya dola 15 ambavyo kuvileta kunazidi bei yake. Ila muulize wakala kwa maandishi kama mkataba wake unalipa kwa msingi wa kununua upya au kwa bei ya soko ukiondoa uchakavu, maana kama ni huo wa pili, nauli yako hawaitambui.

Sasa kuhusu vitabu vyenyewe. Tarehe isikupumbaze. Chukua kile cha Erdnase cha ufundi wa karata, ambacho mpaka leo watu wanabishana mwandishi wake alikuwa nani hasa. Kilitoka Chicago mwaka 1902. Kampuni ya Drake ilikichapa baadaye mara nyingi, na nakala zake bado zinabeba mwaka huohuo wa 1902 ndani. Ukiiona hiyo namba usianze kununua kiwanja. Angalia jina la mchapishaji, jalada, na hata matangazo ya vitabu vingine kurasa za mwisho. Mara nyingi hayo ndiyo yanayosema nakala ni ya lini. Vivyo hivyo kitabu kikubwa cha Profesa Hoffmann cha 1876 (huyo Profesa alikuwa mwanasheria, jina lake halisi Angelo Lewis): kimechapwa upya mara nyingi sana London, na nakala za miaka ya baadaye si adimu hata kidogo.

Vitabu vinene vya jalada gumu ndivyo vinavyowavutia wageni, lakini pekua chini ya rafu. Wanamazingaombwe waliokuwa wanazunguka kutoa mihadhara kwa wenzao waliuza vijitabu vya kurasa chache, vimebanwa pini za stepla, vimechapwa nakala chache, vingi vikatupwa. Kimoja cha namna hiyo kinaweza kuzidi thamani ya rafu nzima ya vitabu vilivyochapwa upya kwa bei poa. Magazeti ya fani nayo yasiende kwenye vitumbua. Genii linatoka tangu 1936, The Sphinx liliishi kuanzia 1902 hadi 1953, na mwaka uliokamilika matoleo yote una bei tofauti kabisa na mwaka wenye pengo. Jaketi la karatasi la nje, hata likiwa limechanika, usilitupe, maana kwa vitabu vya karne iliyopita linabeba sehemu kubwa ya thamani. Mhuri wa maktaba unashusha bei. Sahihi ya mwandishi inapandisha, kama unaweza kuonyesha ni yake.

Kwenye fomu andika "vitabu vya mazingaombwe, sanaa ya jukwaani", na usimwachie wakala aandike "vitabu vya uchawi" kwa haraka zake. Sheria ya Uchawi, ile ya tangu 1928, inamgusa hata mtu anayemiliki vifaa vya uchawi. Sioni hakimu wa kukufunga kwa kitabu cha kuficha sarafu kiganjani, ila siku ya madai hutaki mkaguzi awe na mshangao wowote. Na sisi wa Kigoma tumeshataniwa vya kutosha.

Hiyo milioni moja ya wakala ndiyo mtego wenyewe. Tuseme vitabu vina thamani ya milioni 12 na wewe umevikatia bima ya milioni 6. Maji yakiharibu vya milioni 4, usidhani utapewa milioni 4 kwa kuwa iko chini ya kiwango. Mikataba mingi ina kipengele cha uwiano: umekatia nusu, unalipwa nusu, yaani milioni 2, halafu wanatoa kile kiasi cha mwanzo ambacho unabeba mwenyewe. Ndiyo maana vile vichache vya bei kubwa natenga kwa majina, kila kimoja na kiasi chake, na nikipata kampuni inayokubali kuandika thamani iliyokubaliwa, yaani kiasi tulichopatana mapema, nashukuru. Vilivyobaki vinaingia kwa jumla.

Yaliyonikuta: msimu mmoja wa mvua upepo ulinyanyua bati upande wa kabati. Rafu ya juu ililowa, na hapo ndipo ilipokaa kozi ya Tarbell, mafunzo ya mazingaombwe ya juzuu nane. Mbili ziliumuka kama mkate, kurasa zimegandana, jalada limeachia. Mkadiria hasara alikuja, akapiga picha, akahesabu mbili. Nikamwambia seti ya juzuu sita siyo seti. Akanifungulia mkataba: kuna kipengele kinasema kitu kikiwa sehemu ya jozi au seti, inalipwa sehemu iliyoharibika tu. Nilibishana naye mpaka chai ikapoa, haikusaidia. Walilipa mbili. Lakini walilipa bila kusumbua, kwa sababu picha zilikuwepo: jalada, mgongo, ukurasa wa haki miliki, na risiti ya posta. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mkadiria hasara ndiye anayelishika hilo kuliko wote. Nakala ya orodha iweke kwenye barua pepe yako na kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine. Orodha iliyoungua pamoja na vitabu ni majivu tu.

Kingine ambacho bima ya kawaida haikigusi ni mchwa, ukungu na uchakavu wa polepole. Moto, radi, wizi wa kuvunja, sawa. Mafuriko uliza, mara nyingi ni nyongeza ya kulipia. Mchwa wa Tabora nawajua. Wanapanda ukutani nyuma ya kabati na wewe unaona migongo imepangika vizuri kumbe ndani ni udongo. Sogeza makabati yaachane na ukuta, yainue juu ya matofali, na kila baada ya muda vuta kitabu kimoja kimoja ukipepete. Hiyo kazi hakuna kampuni itakayokufanyia.

Ukishapata bei za makampuni mawili matatu, hakikisha wakala ana leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, lipa ada kwa njia inayoacha risiti, na usihesabu kwamba umekingwa kabla ada haijafika. Mkishindwana kwenye madai, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kabla ya kukimbilia mahakamani. Mafaili ya PDF ya mzee yaache nje ya orodha, hayo nakili tu sehemu mbili.

Anza na rafu ya chini wiki hii. Kitabu kikikuchanganya toleo lake, piga picha ya ukurasa wa haki miliki na kurasa za matangazo ya mwisho uziweke hapa, tutaviangalia pamoja.